Magurudumu mawili kuelekea Murara

Mlima uko juu, soko liko chini. Kutoka Kibumba, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, barabara hushuka kilomita ishirini na kitu kando ya volkano ya Nyiragongo hadi inapoingia mitaa ya komini ya Karisimbi mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo: Majengo, Virunga, Murara. Viazi, kabichi, maharagwe, mbao na magunia ya makala huteremka njia hiyo kila siku kwa lori, kwa pikipiki, na kwa kile chombo cha mti chenye magurudumu mawili kinachojulikana kama chukudu. Hakina pedali wala mnyororo. Kinabeba kilo 500, na wenye kifua hupakia zaidi.

Mgeni akikiona hudhani ni urithi wa mababu. Sivyo. Chukudu ina umri wa mtu mzima wa makamo. Na teremko peke yake halitoshi kueleza ilikotoka, kwa maana Burundi nayo ina materemko, na kwenye barabara ya Bugarama kwenda Bujumbura watu hushuka na mikungu ya ndizi juu ya baiskeli za chuma. Kivu ilikuwa na sababu zake, na ili kuziona inabidi tuanze mbali kidogo, kwa baiskeli za watu wengine.

1888–1908: Tairi ya Dunlop na msitu wa Leopold

Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitengeneza tairi ya mpira yenye upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Miaka michache baadaye Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya baiskeli. Makarani, wanawake, mapadri, askari, kila aliyeweza kununua alinunua, na kila baiskeli ilihitaji matairi mawili. Mpira wa kupanda mashambani ulikuwa bado mchanga huko Asia. Uliokuwa tayari ni wa mwituni, na sehemu ya mpira huo ilikuwa kwenye mitambaazi ya msitu wa Kongo, nchi ambayo tangu 1885 ilihesabiwa kuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Yaliyofuata yanajulikana. Vijiji vilipangiwa kilo za kuleta, wanawake walishikwa rehani hadi waume zao warudi na mpira, na askari walikata mikono. Mwaka 1901 nchi hiyo ilisafirisha karibu tani 6,000 za mpira. Ripoti ya konseli wa Uingereza Roger Casement ya 1904 na kampeni ya mwandishi Edmund Morel zilimlazimisha Leopold kuiachia koloni lake serikali ya Ubelgiji mwezi Novemba 1908.

Ni haki kusema kwamba Kivu haikuumizwa na mpira kama Equateur au Kasai. Huku mashariki mateso yalikuwa ya namna nyingine, tutayafikia. Lakini hesabu ya mwanzo ibaki pale pale: kabla Mkongo wa kawaida hajaigusa baiskeli, alikuwa ameshailipia.

1910–1931: Vichwa vya watu

Mpaka kati ya Goma na Gisenyi, upande wa Rwanda, uliafikiwa mwaka 1910 mjini Brussels, kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza. Goma ilikuwa kituo kidogo cha kijeshi ukingoni mwa Ziwa Kivu, mkabala na Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, kaskazini mwa Kivu pakawa uwanja wa mapambano, kisha mahali pa kuanzia safari ya jeshi la koloni, Force Publique, iliyochukua Kigali mwezi Mei 1916 na Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo.

Jeshi hilo lilikula na kupiga risasi kwa sababu ya wapagazi. Kongo ya Wabelgiji ilitoa wapagazi wapatao 260,000 kwa vita vya Afrika Mashariki. Kila gunia na kila sanduku la baruti lilipita juu ya kichwa cha mtu. Waliorudi hawakupewa nishani, na wengi hawakurudi. Baada ya vita wakoloni walikata barabara kwa kazi za lazima, wakafungua mashamba ya kahawa na chai, na mwaka 1925 wakatangaza Hifadhi ya Albert kwenye volkano za Virunga. Lori likaanza kuchukua nafasi ya kichwa, lakini lori lilikuwa la kampuni na la mzungu wa shamba.

1931–1937: Mpolandi mmoja na baiskeli yake

Mwezi Novemba 1931 mtu mmoja aliondoka Poznań, Poland, akiwa na baiskeli kuukuu. Jina lake Kazimierz Nowak, alizaliwa 1897 mjini Stryj. Hakuwa tajiri mwenye hamu ya kuwinda tembo. Mdororo wa uchumi ulikuwa umemnyima kazi, na alikusudia kuwalisha mkewe Maria na watoto wao wawili kwa kuuza picha na makala za safari. Aliingia Afrika kupitia Libya, akakata Misri na Sudan, akaingia Kongo ya Wabelgiji na kupita nchi hizi za maziwa, Ruanda-Urundi ikiwemo, akielekea kusini. Mwaka 1934 alifika ncha ya kusini ya bara. Kisha, badala ya kupanda meli kurudi kwao, akageuka kuja tena kaskazini.

Baiskeli haikustahimili. Njiani alilazimika kupanda farasi, kutembea kwa miguu, na kushuka mto Kasai kwa mtumbwi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo; jangwa la Sahara alilivuka kwa ngamia. Alifika Algiers mwezi Novemba 1936, baada ya miaka mitano na kilomita zinazokadiriwa kuwa 40,000. Malaria ilikuwa imemla mwili. Oktoba 1937 alifariki Poznań, akiwa na miaka 40.

Ninamleta Nowak hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliyaona makoloni kutoka juu ya tandiko, si kupitia dirisha la gari la gavana, na alichoandika kuhusu jinsi wenyeji walivyotendewa hakikuwapendeza wakubwa. Ya pili ni kumbukumbu yenyewe. Kwa zaidi ya nusu karne Poland ilimsahau. Mwaka 2000 makala zake zilikusanywa kuwa kitabu, mwaka 2006 mwandishi Ryszard Kapuściński alizindua kibao chake katika stesheni ya Poznań, na kati ya 2009 na 2011 vikosi vya Wapolandi vilipokezana kuifuata njia yake barani kote. Safari ya mtu mmoja aliyechagua kwenda ilipata kibao, kitabu na warithi. Baadaye, katika nchi ileile aliyoipita, maelfu ya watu walienda mbali kwa magurudumu mawili bila kuchagua.

Miaka ya 1970: Mti unachukua nafasi ya lori

Wakati wa uhuru, 1960, Kongo ilihesabiwa kuwa na barabara za zaidi ya kilomita 140,000, nyingi zikiwa za udongo. Barabara ya udongo kwenye mvua za ikweta haisubiri mtu. Ikikosa mfereji na greda kwa misimu michache, imekwisha. Vita vya miaka ya 1960 viliharibu nyingi, na zilizosalia zilisubiri pigo la pili.

Pigo hilo lilikuja Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba mashamba, maduka na biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Kivu, iliyokuwa na wenye mashamba Wabelgiji na wafanyabiashara Wagiriki na Wahindi, iliguswa sana. Wengi waliokabidhiwa malori na maghala hawakuwa watu wa biashara. Waliuza kilichouzika, kisha wakafunga. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaporomoka, na fedha za kigeni za kuagizia vipuri na mafuta zikakauka. Lori lililokufa Rutshuru lilibaki Rutshuru.

Wakulima wa juu hawakuacha kulima kwa sababu hiyo. Viazi vilichimbwa, na Goma ilikuwa inakua. Ni katika miaka hiyo ya 1970, katika vijiji vya Kivu ya Kaskazini, ndipo chukudu ilipoanza kuonekana. Haina mvumbuzi mmoja anayejulikana kwa jina, wala haikusajiliwa popote. Ilitengenezwa na watu waliokuwa na panga, tezo na miti.

Kwa nini mti, si baiskeli ya kawaida? Baiskeli ya chuma iligharimu fedha ambazo mkulima hakuwa nazo, na tairi yake ya upepo haikudumu juu ya mawe ya lava, ambayo hukata kama chupa iliyovunjika. Chukudu ni gogo pana la urefu wa mita mbili hivi, usukani ulioinama kama pembe, na magurudumu ya mti mgumu yaliyovishwa ukanda wa tairi chakavu la gari. Mikaratusi hutumika sana kwa kiwiliwili. Haipati pancha. Ikivunjika, fundi wa kijiji huitengeneza kwa mti mwingine. Dereva hupiga goti moja juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye gogo na kusukuma kwa mguu wa pili. Kwenye mteremko husimama na kuacha mlima ufanye kazi, breki ikiwa kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kwenye mwinuko hushuka na kusukuma, au akijasiri hushika nyuma ya lori linalopita. Wapo waliokufa kwa ujasiri huo.

Chombo kizuri kiligharimu, katika miaka ya karibuni, kati ya dola 50 na 150 za Marekani, na fundi hodari hukimaliza kwa siku chache. Kwa kijana asiye na shamba huo ndio ulikuwa mtaji wa kuolea na kusomeshea watoto. Wapo madereva wa chukudu waliojenga nyumba Goma kwa goti lile moja.

Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka. Ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta likamwagika kwa muda usiofika saa moja, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia, na vijiji vya mteremkoni vikaangamia. Goma yenyewe ilinusurika. Njia ya viazi ilifunguliwa upya juu ya jiwe jipya.

1994–2003: Watu, maji, na safari za Kisangani

Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 800,000 au zaidi walivuka mpaka kuingia Goma na viunga vyake kwa siku chache. Kambi zilijaa Mugunga, Kibumba na Katale. Ardhi ya lava haichimbiki: kisima hakikupatikana, choo hakikupatikana, na hata kaburi lilikuwa shida. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa kuwa 50,000. Maji ya bidoni yakawa bidhaa ya kwanza ya mji, na chochote chenye gurudumu kilibeba maji. Misitu ya hifadhi ikakatwa kwa kuni na makala, na soko la makala lililokua wakati ule halijapungua tena.

Kisha vita. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL mapema Novemba 1996, na mwezi Agosti 1998 ikawa makao makuu ya waasi wa RCD. Ndipo kikaanza kipindi ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kikubwa kuliko vyote katika historia ya magurudumu mawili Kongo, ingawa hakijulikani sana nje.

Mstari wa mapigano uliikata nchi vipande. Mto Kongo, ambao ndio barabara kuu halisi, ulifungwa kwa meli kati ya Kinshasa na Kisangani. Reli ilikuwa imekufa. Njia ya kutoka Beni kwenda Kisangani kupitia Mambasa na Nia-Nia, kilomita zipatazo 700, ilikuwa imemezwa na msitu wa Ituri kiasi kwamba lori halikupita. Lakini watu wa Kisangani walihitaji chumvi, sabuni, nguo na dawa, na vitu hivyo viliingia kutoka mashariki, kutoka Butembo na Beni. Waliokuwa na fedha walitumia ndege ndogo. Wasiokuwa nazo walitumia baiskeli.

Walizivua karibu kila kitu: pedali mara nyingi ziliondolewa, kwa sababu hakuna aliyepanda. Fimbo ndefu ilifungwa kwenye usukani ili mtu aweze kuongoza akiwa ubavuni, nyingine nyuma ya tandiko ili asukume, na katikati ukapakiwa mzigo unaoweza kushinda uzito wa watu wawili. Safari ilichukua wiki kadhaa. Walilala vijijini, walivuka madaraja ya gogo moja, walilipa kila kizuizi cha askari, na wakati mwingine walilipa kwa mzigo wote. Kusini, katika Kasai na Maniema, wengine walifanya hivyohivyo na mawese, mahindi na samaki wakavu. Mjini Kisangani kwenyewe, ambako teksi zilikuwa zimekwisha, vijana waliweka mto laini juu ya keria na kuanza kubeba abiria; hao, walioitwa toleka, wakawa usafiri wa umma wa mji mzima.

Nowak alipita Kongo mara mbili. Mfanyabiashara wa baiskeli aliipita kila alipomaliza kuuza shehena yake, na hakuna makala iliyomsubiri nyumbani.

17 Januari 2002

Siku hiyo Nyiragongo ilipasuka tena, safari hii nyufa zikifunguka hadi karibu na mji. Lava iliingia kutoka kaskazini, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikakata Goma katikati na kuishia ziwani. Zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mji ilifunikwa, na kitovu cha biashara kikafutika. Karibu watu 120,000 walipoteza makazi, na waliokufa walifikia mia moja au zaidi, baadhi yao katika mlipuko wa kituo cha mafuta. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, na wengi walirudi ndani ya siku chache tu, wakitembea juu ya jiwe ambalo chini yake lilikuwa bado jekundu.

Mitaa ya Karisimbi ilijengwa upya kwa lava yenyewe. Mawe yalivunjwa kwa nyundo, yakapangwa kuwa kuta za viwanja, na juu yake zikasimama nyumba za mbao na mabati. Magari yalipata shida kupita kwenye mawe yale kwa miaka kadhaa. Chukudu haikupata shida. Ikiwa kuna wakati ambapo mji huu ulitegemea mti kuliko chuma, ni huo.

2009: Sanamu

Vita vilipokwisha rasmi mwaka 2003, barabara kadhaa zilianza kufufuka. Ile ya Beni–Kisangani ilifunguliwa tena kwa magari katikati ya muongo huo, na biashara ya kusukuma baiskeli msituni ikapungua upesi. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India ziliingia kwa wingi. Toleka wa Kisangani wakaanza kuzipisha. Wengi tulidhani chukudu nayo itafuata.

Haikufuata. Pikipiki hubeba mtu haraka, lakini hainywi hewa. Inakunywa petroli, na haipakii nusu tani. Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua katika mzunguko wa barabara mjini Goma sanamu ya rangi ya dhahabu: dereva wa chukudu akisukuma chombo chake. Ilikuwa zama za ahadi za miradi mikubwa, na Kivu ilikuwa imempa Kabila kura nyingi mwaka 2006.

Watu wa Goma wanaipenda sanamu hiyo, na wana haki. Ni nadra mpagazi kutukuzwa popote duniani. Wale 260,000 wa Vita Kuu hawakupata heshima ya namna hiyo. Hata hivyo mimi naiona pia kama ungamo. Serikali iliyonyanyua juu ya nguzo chombo kilichozaliwa na kufa kwa barabara ilikuwa inakiri, pengine bila kukusudia, nani aliyeulisha mji wakati yenyewe haikuwepo.

2012–2025: Njia inafungwa tena

Mwaka 2012 waasi wa M23 walishika Rutshuru na njia ya Kibumba, wakatoza malori kodi, na mwezi Novemba waliikalia Goma kwa siku kumi na moja. Walishindwa mwaka 2013. Walirudi mwishoni mwa 2021 na kuichukua tena Rutshuru mwaka 2022, na Kibumba, chanzo cha viazi na kabichi, ikawa mstari wa mbele. Wakulima walewale waliokuwa wakiteremsha mazao waliteremka sasa na magodoro, wakapanga vibanda Kanyaruchinya, pembeni mwa barabara ileile.

Katikati ya hayo volkano haikulala. Usiku wa 22 Mei 2021 lava ilishuka hadi Buhene, mlangoni mwa mji, ikaikata barabara ya Rutshuru. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru mitaa kumi ihamishwe, Murara ukiwa mmoja wao, kwa hofu ya mlipuko wa pili. Watu walitoka kwa maelfu kuelekea Sake, Gisenyi na Bukavu. Mwenye gari alipakia gari. Wengine walikodi chukudu, wakaweka juu yake kitanda, sufuria na bibi. Mlipuko wa pili haukutokea, na mwezi Juni wakaanza kurudi.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia Goma kwa mara ya pili. Uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mji ambao wenye uwezo walikuwa wakitoka kwa ndege ukabaki na barabara na ziwa, na wanaoshika barabara ndio wanaoshika bei ya kiazi.

Kongo imetoa mpira wa matairi ya Ulaya, imetoa vichwa vya wapagazi, imetoa miti ya chukudu na mabega ya wasukuma baiskeli. Tangu Leopold achukue nchi imepita miaka mia moja na arobaini, na hadi leo hakuna barabara moja ya lami inayoweza kumtoa mtu Murara na kumfikisha Kinshasa.